Acheni Kumfasiri Simba

Kuna desturi moja imeingia katika vikundi vyetu vya watoto, nami nataka kuipinga waziwazi, hata kama wapo makatekista wenzangu watakaokasirika. Mtu apata kitabu kimoja cha hadisi za Narnia, au ameona sinema yake iliyotoka mwaka 2005. Afurahi sana kusikia kwamba mtungaji alikuwa Mkristu. Basi aketisha watoto na kuanza kuwasomea. Mara simba Aslan anapotajwa kwa mara ya kwanza, afunga kitabu, kidole kikiwa ndani, ainua kichwa na kuuliza: «Huyu simba ni nani?» Watoto kimya. «Ni Yezu Kristu! Na yule mchawi mweupe ni nani?» «Shetani!» «Na vile vitamu alivyokula Edmund?» «Dhambi!» Vema sana watoto, tuendelee.

Tuendelee na nini? Hadisi imekwisha kufa. Kilichobaki ni katekisimu iliyovikwa ngozi ya mnyama.

Kwa wasiovijua vitabu hivi: ni saba, vyote vya C. S. Lewis, aliyezaliwa Belfast mwaka 1898, mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford na baadaye cha Cambridge. Cha kwanza, The Lion, the Witch and the Wardrobe, yaani Simba, Mchawi na Kabati, kilitoka mwaka 1950, na baada yake kila mwaka kimoja, hata cha saba mwaka 1956. Watoto wanne wametolewa London kwa sababu ya mabomu ya vita, wanapelekwa mashambani katika nyumba kubwa ya mzee mmoja profesa. Lucy, mdogo wao, aingia katika kabati la nguo. Nyuma ya makoti hagusi ubao, bali akanyaga theluji, aona miti, na nguzo ya taa iwakayo peke yake katikati ya msitu. Ndipo Narnia. Lewis hakuwa Mkatoliki. Rafiki yake Tolkien, mmoja wa waliomsaidia kumrudia Kristu mwaka 1931, alikuwa Mkatoliki. Naye, ajabu, hakuvipenda vitabu hivi hata kidogo. Basi mtu asinijibu kwamba navitetea kwa kuwa ni vya nyumbani kwetu.

Wafasiri wetu hudhani kwamba Lewis aliketi mezani akaandika orodha ya mafundisho, kisha akatafuta mnyama wa kubeba kila fundisho. Mwenyewe ameeleza kwamba sivyo. Yote yalianza na picha moja iliyomjia kichwani alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi: mtu nusu mbuzi, ameshika mwavuli na vifurushi, akipita katika msitu wa theluji. Hapakuwa na simba. Alipokuja kuiandika hadisi, miaka mingi baadaye, ndipo simba akaingia kwa nguvu zake, na vingine vyote vikamfuata. Tena Lewis hakuwa mjinga wa mafumbo. Mwaka 1936 alitoa kitabu kikubwa cha elimu juu ya mashairi ya mafumbo ya zamani za kati, ambamo kila mtu na kila kitu husimama mahali pa wazo fulani. Aliijua kazi hiyo kuliko sisi sote. Ndiyo sababu alipoulizwa alisema Aslan si fumbo la namna hiyo. Yeye alijiuliza tu: kama ingekuwako dunia nyingine kama Narnia, na Mwana wa Mungu angependa kuiokoa hiyo kama alivyoiokoa yetu, angekwendaje huko, na kwa umbo gani?

Wasema: lakini tusipofasiri, watoto watajuaje? Someni mwisho wa kitabu cha tatu, kile cha safari ya baharini, cha mwaka 1952. Aslan mwenyewe awaambia watoto kwamba katika dunia yao pia yuko, ila kwa jina jingine, na wao wajifunze kumjua kwa jina hilo. Je, alitaja? Hakulitaja. Mwaka 1953 mtoto mmoja wa kike wa Marekani akamwandikia Lewis barua kuuliza jina hilo ni lipi. Hapo palikuwa mahali pazuri pa kufasiri, sivyo? Mtoto ameuliza mwenyewe! Lakini Lewis akamrudishia maswali: je, hajapata kuwako mtu duniani aliyekuja majira ya Noeli, aliyejiita mwana wa Mfalme mkuu, aliyejitoa afe kwa kosa la mwingine, akafufuka? Akamwachia afikiri. Mwenye kitabu amejizuia mbele ya mtoto aliyeomba; sisi tusio na kitabu twawamwagia jibu watoto ambao hawajauliza bado.

Na tusijifiche nyuma ya Evanjili tukisema kwamba Yezu alifasiri mfano wa mpanzi. Ndiyo, aliufasiri, lakini someni Mt. Marko sura ya nne mwone ni kwa nani na lini. Ni faraghani, kwa wale waliomfuata na kumwuliza. Makutano walikwenda na mfano mtupu. Na ule wa mwana mpotevu katika Mt. Luka hauna hata mwisho: baba yuko nje na mwana mkubwa, amsihi aingie, na mpaka leo hatujui kama aliingia. Nabii Natani alipotumwa kwa mfalme Daudi alimpa hadisi ya maskini na kondoo wake mmoja, akamwacha mfalme awake hasira juu ya tajiri yule. Baadaye ndipo akamnyoshea kidole. Angalianza na kidole, Daudi angalikuwa amekwisha kutafuta maneno ya kujitetea.

Ni vivyo hivyo na Edmund na vile vitamu vya Kituruki. Mchawi ampa kisanduku kizima, Edmund ala, ataka tena, mpaka yuko tayari kuwaleta ndugu zake kwa ajili ya kisanduku cha pili. Kitabu kilipotoka mwaka 1950, sukari na vitamu vilikuwa bado vyagawiwa kwa kipimo Uingereza. Vitamu havikuachiwa huru mpaka Februari 1953. Mtoto wa Kiingereza aliyesoma ukurasa ule alimjua Edmund kwa ulimi wake kabla ya kumjua kwa akili. Watoto wangu hawajapata kuviona vitamu hivyo. Nawaambia tu kwamba ni laini, vimeviringishwa katika sukari ya unga, nao wameza mate. Hapo wako ndani ya gari la mchawi pamoja na Edmund, wataka naye. Mwalimu akipaza sauti «Dhambi!» wanashuka upesi, wanasimama pembeni, wanamhukumu Edmund kama kwamba si mwenzao.

Ugonjwa huo umewapata hata wachapaji. Mwaka 1994 watu wa HarperCollins walibadili namba za vitabu, wakaweka mbele kile cha sita, The Magician's Nephew, cha mwaka 1955, kwa kuwa ndicho chenye kusimulia mwanzo wa Narnia. Wachapaji wa Kifaransa wamefanya hivyo hivyo: Le Neveu du magicien ndiyo namba 1. Wanatuonyesha barua ya mwaka 1957 ambamo Lewis alimkubalia mtoto mmoja aliyependa mpango huo. Ni kweli, barua iko. Lakini humo humo aongeza kwamba huenda utaratibu wa kusoma si jambo kubwa. Nami naona ni adabu ya mzee kwa mtoto. Kitabu chenyewe ni shahidi bora. Katika Simba, Mchawi na Kabati, jina la Aslan linaposikika mara ya kwanza, msimulizi asema kwamba wale watoto hawakumjua ni nani, kama vile msomaji asivyomjua. Mtu aliyeanzia namba 1 ya leo amekwisha kumwona Aslan akiiumba Narnia kwa kuimba, na ameona hata nguzo ya taa ilivyoota kutoka ardhini. Ataitazama taa ile msituni kama mtu atazamaye taa ya stesheni. Kila kitu kimeelezwa mapema, ili mtoto maskini asihangaike!

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika kitabu hicho cha sita yumo mtoto Digory, ambaye mama yake ni mgonjwa wa kufa. Afika mbele ya simba akiwa na kosa lake la kuileta ile roho mbaya katika Narnia, lakini hawezi kujizuia: aomba dawa ya mama. Muda huo wote alikuwa ametazama miguu na makucha tu. Ainua macho, na aona machozi makubwa katika macho ya simba, mpaka adhani simba ana uchungu juu ya mama yake kuliko yeye. Baadaye, katika bustani ya mbali, mchawi amwambia achukue tunda kwa wizi, ampelekee mama, nani atajua? Digory akataa, na kukataa huko kwamkata moyo.

Nilisoma hayo kwa kikundi ambamo yumo mtoto aliyefiwa na mama yake. Nilipomaliza ukurasa ule wa machozi akasema: «Mwalimu, rudia hapo.» Nikarudia. Akaomba mara ya tatu. Hakuuliza simba ni nani, wala mimi sikusema. Ningesema nini? Kwamba tunda ni Ekaristi? Kwamba machozi ni huruma ya Mungu, tazama katekisimu, swali fulani? Mama wa Lewis mwenyewe alikufa kwa kansa Agosti 1908, na yeye mtoto wa miaka tisa. Alikuwa ameomba sana apone. Alilisimulia katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1955, mwaka ule ule wa hadisi ya Digory. Katika hadisi mama apona. Nyumbani Belfast hakupona. Mtu aliyebeba jambo hilo karibu miaka hamsini kabla ya kuliandika hakuliandika ili mimi nilimalize kwa neno moja.

Wengine wanipinga kutoka upande mwingine: wewe Mwafrika, wapendaje vitabu ambamo watu wa nchi ya Calormen, wenye nyuso nyeusi, ni wenye watumwa, wakatili, waabudu wa Tash mwenye kichwa cha tai? Sitaficha: yaniuma. Katika kitabu cha saba vibete wawaita kwa jina la dharau la rangi yao, na mtu yeyote akisomea watoto wetu ukurasa ule ataona aibu kinywani. Aravis, yule msichana hodari wa Calormen katika Farasi na Mvulana Wake (1954), ambaye mwishoni awa malkia wa nchi jirani ya Narnia, hapunguzi doa hilo sana. Lakini tazameni jambo moja. Mfasiri mwenye orodha yake ataandika: Calormen, wapagani, Tash, shetani, wote wamepotea. Hadisi yenyewe yaivunja orodha. Askari kijana wa Calormen, Emeth, aliyemtumikia Tash kwa moyo safi maisha yake yote, akutana na Aslan na angojea kufa. Naye apokewa kama mwana, kwa maana utumishi wake wa kweli wahesabiwa kuwa wa Aslan. Ni kitabu cha mwaka 1956, kutoka kwa Mprotestanti, miaka minane kabla ya Mtaguso kufundisha katika Lumen Gentium, namba 16, juu ya wale wasioijua Evanjili bila kosa lao na wamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Nani kati ya wafasiri wetu amewahi kumsomea mtoto habari za Emeth? Hayumo katika orodha.

Mwaka 1998 mwandishi Mwingereza Philip Pullman alivishambulia vitabu hivi kwa ukali katika gazeti la Guardian. Yeye aiona Narnia kuwa chombo cha kupakia mafundisho mabaya. Wafasiri wetu wasema ni chombo cha kupakia mafundisho mema. Kwa hiyo wamekubaliana: mzigo ndio kitu, chombo ni mbao tu. Kama nikilazimika kuchagua, Pullman afadhali, kwani amesoma vitabu vyote saba akakasirika. Wetu wengi wamesoma kimoja, wengine wameona sinema.

Wengi wameniuliza waanzie wapi na watoto wao. Anzeni na kile chenye kabati. Mkikinunua kwa Kifaransa mtakikuta kimeandikwa namba 2, msijali. Someni kwa sauti, sura moja au mbili kwa siku, wala msisimame katikati. Mtoto akiuliza swali, mjibuni swali lile aliloliuliza, kisha geuzeni ukurasa.