Msanii akianguka, tunamcheka nani?

Mwaka 2012 iliposikika kwamba Ray C, mwimbaji maarufu wa Tanzania, amenaswa na heroini, wengi walimcheka: starehe imemponza. Rais Jakaya Kikwete aliona mgonjwa, akamsaidia kupata matibabu. Februari 2017 mambo yakageuka: Paul Makonda, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitaja hadharani majina ya wasanii kwa tuhuma za dawa za kulevya.

Anayeuza dawa hizo ni wa kushtakiwa. Aliyezitumia hadi zikamtawala anahitaji daktari, na hukumu ya mitaani humfanya ajifiche.

Hapa Rusizi I nyimbo za Bongo tunazisikia, na kicheko hicho pia. Lakini kinamfikia nani? Kijana anayevuta kwa siri. Mama aliyerudi kutoka ukimbizini, ambaye hadi leo hapati usingizi. Wakisikia msanii akiitwa mwendawazimu, nao hunyamaza. Kumbe tiba ipo: Hospitali ya Ndera, Kigali, na SOSAME, ng'ambo ya mto huko Bukavu, hupokea wagonjwa wa akili. Kabla ya kucheka, tuulizane: nyumbani kwetu nani anaugua kimya kimya?