Harrier, Lami na Kijiti cha Oili
Simama barabara ya Muleba kwenda Bukoba siku ya harusi uzihesabu Harrier. Hii ya toleo la pili, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2003 na ambayo Watanzania tumeibatiza tako la nyani, ndiyo gari la heshima kwetu, na kwenye lami inastahili: imetulia, kona inazikata bila kuyumba, spea hazisumbui. Acha lami sasa, mvua ikiwa imenyesha (na Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka). Mwenye ile inayovuta kwa magurudumu ya mbele tu huishia kusukumwa na vijana wa bodaboda, nao hawasukumi bure. Bushi na linki za stebilaiza ndizo hutangulia kugonga. Ila mimi naihofia zaidi injini yake ya 2AZ, ya cc 2,362. Ikichoka hunywa oili kimyakimya. Chini haivuji hata tone, mpaka siku unachomoa kijiti kinatoka kikavu. Fundi mmoja wa Kashai huwauliza wateja: “Waitu, mara ya mwisho ulipima lini?” Wengi humtajia bei waliyonunulia.