TBS ifike na huku vijijini

Ndugu Mhariri,



Muhula uliopita waya wa kuunganishia umeme uliyeyuka katika ofisi yetu ya walimu, madaftari ya watoto yakiwa juu ya meza hiyo hiyo. Bahati nzuri tulikuwemo, tukawahi kuzima swichi kubwa. Waya haukuwa na alama ya ubora wala jina la kiwanda. Mwenye duka alinijibu kwamba ameununua mjini kwa bei ya jumla, basi.

Najua Shirika la Viwango (TBS) lipo tangu 1975, usalama kazini unasimamiwa na OSHA, na mionzi iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Lakini mzazi wa hapa atajuaje? Usalama wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS mwaka 2019, na bado wapo wanaoulizia TFDA! Sisi tunayemfahamu ni Mtendaji wa Kata.

Kwa nini basi asipewe yeye fomu za malalamiko, na picha ya alama halali ya TBS ikabandikwa mlangoni kwake? Waya ule nimeutunza kabatini. Nataka kujua niukabidhi kwa nani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Namtumbo.