Paka jike akilia usiku kucha, familia ifanye nini?

Nyumba nyingi za Kariakoo hufuga paka kwa sababu moja: panya. Mtaa wenye maduka ya nafaka, mabucha na taka za soko hauwezi kukosa panya, na paka mmoja wa ndani huokoa mchele, nguo na hata nyaya za umeme. Akiwa mdogo anapendwa na kila mtu. Shida huanza siku anapokua.

Mara nyingi huwa kati ya miezi minne na kumi. Ghafla paka aliyekuwa mpole anaanza kulia saa nane za usiku kwa sauti ndefu ya kuvuta, kama mtoto mchanga anayelia chumba cha pili. Anagaagaa sakafuni, anajisugua kwenye miguu ya watu na ya viti, anainamisha kifua na kuinua nyuma, mkia kauweka pembeni. Wengine hupunguza kula, wengine hukojoa ukutani. Muda si mrefu mashume wa mtaa mzima wako juu ya bati au kwenye ngazi za ghorofa, wanapigana.

Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na korido moja, jambo hilo halibaki la familia moja. Mpangaji anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo sokoni hajalala. Bibi wa chumba cha mbele anasema ile si sauti ya paka, kuna kitu kimetumwa. Mwenye nyumba anataka paka aondoke. Kabla maneno hayajawa makubwa, ni vizuri kila mmoja ajue kinachotokea.

Si uchawi wala ugonjwa

Paka huyo yuko kwenye joto, kama ng'ombe au mbuzi anapotafuta dume. Sauti ile ni ya kuita. Haumwi, na hafanyi makusudi.

Kwa kawaida yai la paka halitoki mpaka apandwe. Asipopandwa, joto hudumu kama wiki moja, linapoa, halafu baada ya wiki mbili au tatu linarudi. Ndiyo maana watu husema, "Huyu paka halali mwaka mzima," na kwa Dar es Salaam hawajakosea sana.

Mwili wa paka hufuata urefu wa mchana. London, ambako mchana wa Desemba ni wa saa nane hivi na wa Juni hupita saa kumi na sita, paka wengi hupumzika miezi ya baridi. Dar es Salaam iko karibu na ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki hata saa moja. Kwa paka wa Kariakoo hakuna msimu wa mapumziko. Familia inayosubiri "apitiwe na wakati" itasubiri sana.

Kumfungulia mlango kuna gharama yake

Wengi huchoka na kumwachia atoke. Kelele hukoma kwa muda, lakini mimba ya paka ni wiki tisa tu, na kila uzao huwa na watoto watatu hadi watano. Anaweza kupata joto tena hata kabla watoto hawajaacha kunyonya. Akizaa mara tatu kwa mwaka, watoto wanne kila mara, hao ni 12 kutoka kwa paka mmoja. Jirani wa kwanza atachukua mmoja, wa pili atachukua mmoja, waliobaki wataishia kwenye boksi la viatu nje ya bucha. Wachache kati yao hufika ukubwani.

Huko nje pia kuna magari ya Mtaa wa Msimbazi, na kuna mashume wanaouma. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na paka huweza kumwambukiza binadamu. Mtu akiumwa au kuparurwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Namna ya kuivuka wiki hiyo

La kwanza ni kuwaambia majirani mapema. Maneno machache koridoni, "Jirani, samahani, paka wetu yuko kwenye joto, ni siku chache tu na tumeshapanga kumpeleka kwa daktari," hupunguza nusu ya ugomvi. Aliyeambiwa huvumilia kuliko aliyeshtukizwa.

La pili ni kumfungia ndani kwa utu. Wavu wa mbu pekee hautoshi, paka mwenye joto huupasua. Walio ghorofani wafunge na mlango wa baraza, maana paka huruka akimfuata dume na kuanguka. Chumba kiwe na hewa, maji safi, na beseni la mchanga au maranda ya mbao ya mafundi seremala, yabadilishwe kila siku. Waislamu wanaikumbuka habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kumfungia si kumtesa, kumsahau ndiko kumtesa.

Jioni mtoto mkubwa acheze naye kwa kamba au kifundo cha kitambaa mpaka achoke, kisha apewe chakula kabla ya watu kulala. Baadhi hutulia wakisuguliwa kichwa, wengine huzidi kulia wakishikwa mgongoni, hao waachwe. Kumpiga hakunyamazishi, kunamfundisha kuogopa watu wa nyumbani tu.

Mkojo usafishwe kwa sabuni na maji, kisha siki iliyozimuliwa. Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma pua na kifua. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe nazo si salama, kwa kuwa paka hukanyaga kisha analamba miguu.

Yasiyofaa kabisa

Wapo wanaompa paka vidonge vya majira vya binadamu. Homoni hizo huweza kusababisha usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti, na usaha huo huua. Wapo wanaompa panadoli wakidhani ana maumivu. Paracetamol ni sumu kwa paka: damu yake hushindwa kubeba hewa, na hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Na wapo majirani wanaofikiria sumu ya panya, ile inayotangazwa kwa kipaza sauti barabarani. Sumu iliyotegwa koridoni haichagui. Huokotwa na mtoto anayetambaa, hulambwa na paka asiyehusika. Kumwagia paka maji ya moto au kumpa sumu ni ukatili, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Tena wahenga walishasema, paka akiondoka panya hutawala. Mtaa wa maduka ya nafaka unaijua maana yake.

Dawa ya kudumu

Kinachomaliza kelele ni kufunga kizazi. Daktari wa mifugo humlaza paka kwa dawa ya usingizi na kutoa mifuko ya mayai, mara nyingi pamoja na kizazi chenyewe. Joto halirudi tena. Paka huweza kufanyiwa akiwa na miezi minne hadi sita, kabla hata hajalia mara ya kwanza. Si kweli kwamba lazima azae mara moja kwanza. Kinyume chake, anayefanyiwa mapema hupunguza sana hatari ya saratani ya matiti. Aliye kwenye joto tayari, madaktari wengi hupenda asubiri lipoe, kwa sababu wakati huo mishipa ya kizazi hujaa damu. Hapo ndipo familia nyingi hukosea: kelele zikinyamaza, safari nayo inasahaulika, na wiki mbili baadaye mambo ni yaleyale. Tarehe ipangwe wakati paka bado analia.

Muuzaji wa duka la dawa za mifugo si lazima awe daktari. Daktari wa kweli amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na ofisi ya mifugo ya halmashauri inaweza kumwelekeza mtu. Kabla ya siku yenyewe iulizwe bei yote kwa jumla: usingizi, nyuzi, dawa ya maumivu, na kama chanjo ya kichaa cha mbwa inaweza kutolewa safari hiyohiyo. Wapangaji wanaonufaika na paka mmoja wanaweza kuchanga, kama wanavyochangia bili ya maji.

Tenga dogo lililofunikwa kwa kanga na kufungwa vizuri linatosha kumsafirisha kwa bajaji. Akirudi, akae ndani kama siku kumi, asiruke wala kulamba mshono. Kidonda kikivimba au kutoa maji, arudishwe kwa daktari.

Watoto watauliza

Mtoto wa miaka sita ataona yote haya na kuuliza, "Mama, paka anaumwa?" Asifukuzwe kwa "nenda kacheze huko." Jibu fupi linatosha: "Haumwi mwanangu, amekua, anatafuta mwenzake wapate watoto, na sisi hatuna nafasi ya watoto wote hao." Atakayejibiwa hivyo anajifunza kwamba mnyama wa nyumbani ni dhamana. Aliyekula panya wa nyumba mwaka mzima anastahili safari moja ya kwa daktari, kabla jirani hajapoteza subira.