Kila Mtumishi na Kazi Imfaayo



Kahawa iletwayo Moshi huchaguliwa, huonjwa na kupangwa madaraja kabla ya kuuzwa. Mtumishi hapati hata heshima hiyo: hupelekwa palipo na nafasi, basi.

Mkulima wa Kilimanjaro ana busara kuliko maofisi yetu. Migomba na kahawa huiweka kihambani, juu mlimani penye ubaridi na mifereji. Mahindi huyapeleka shambani, chini tambarare. Mmea ukinyauka, hutazama kwanza udongo. Lakini ofisini karani ajuaye kupatanisha watu hufungiwa chumba cha majalada, na yule apendaye hesabu na kimya huwekwa mlangoni kupokea mashauri. Wote wawili wakishindwa, huandikwa kuwa wavivu.

Joseph Merinyo alikuwa karani na mkalimani wa Serikali mjini Moshi. Je, angepimwa kwa mwandiko wake tu? Mwaka 1925 wakulima wa kahawa walipounda chama chao, K.N.P.A., yeye alikuwa rais wake. Kipawa cha kukusanya watu na kuwasemea kilipata kazi yake, na chama kile ndicho kilichoitangulia K.N.C.U. ya mwaka 1933.

Wako wasemao, "Mtumishi ni wa kutumwa, hachagui." Ni kweli, nasi hatuombi kuchagua. Twaomba mkubwa atazame kabla ya kutuma. Wala neno hili la tabia lisigeuzwe kuwa kamba ya kutufungia. Wakoloni walitazama rangi wakaacha kumtazama mtu. Hata Tume ya Holmes, mwaka 1948, iliridhia asiye Mzungu apewe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Tabia tuisemayo ni ya mtu mmoja mmoja, nayo huonekana kazini, si katika rangi wala kabila.

Basi yatakiwa mambo mawili. Mtumishi aulizwe ni kazi gani aifanyayo vema. Kisha apimwe kwa lengo la kazi hiyo. Mpatanishi ahesabiwe mashauri yaliyokwisha, si barua alizopiga chapa. Mwenye hesabu apimwe kwa vitabu visivyo na kosa.

Wazee wetu waliounda chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922 hawakuungana ili wanyamaze. Ndugu makarani, tuliseme jambo hili kwa sauti moja.

Mimi wenu,
Karani wa Moshi