Idadi ya Watu si Majaaliwa: Funzo la Kura za Marekani

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kauli hii yafaa kukumbukwa kila unapowadia msimu wa uchaguzi nchini Marekani, wakati ambapo wachanganuzi hutandaza ramani, wakawahesabu Weusi, Walatino na Wazungu wa kila jimbo, kisha wakatoa hukumu kana kwamba kura hurithiwa kama rangi ya ngozi. Kwamba idadi ya watu na mahali wanapoishi vina uzito mkubwa katika siasa za taifa hilo ni jambo lisilo na ubishi. Kosa ni kuidhania idadi hiyo kuwa majaaliwa.

Uzito huo watokana na mfumo wenyewe. Rais wa Marekani hachaguliwi kwa wingi wa kura za taifa zima, bali na wajumbe 538, na mshindi huhitaji angalau 270. Kila jimbo hupata wajumbe kulingana na viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, pamoja na viwili vya Seneti. Viti 435 vya Baraza hilo hugawanywa upya baada ya kila sensa ya miaka kumi. Kwa hivyo, familia inayofungasha virago New York na kuhamia Florida haibebi vyombo vya nyumbani peke yake. Hubeba pia sehemu ya nguvu za jimbo ililoliacha. Katika uchaguzi wa 1948, New York ilikuwa na wajumbe 47 ilhali Florida ilikuwa na 8 tu. Baada ya sensa ya 2020, New York ilisalia na 28, Florida ikafikia 30 na Texas 40.

Hata hivyo, kuhama ni nusu tu ya kisa. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliihama Kusini, wakikimbia ubaguzi na mauaji ya makundi ya Wazungu, wakalowea Chicago, Detroit na Philadelphia. Walikotoka walinyimwa kura kwa kodi na mitihani ya hila. Walikofika wakawa wapigakura wasioweza kupuuzwa. Sauti yao ilikuwa mojawapo ya nguvu zilizozaa Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Mageuzi ya haki za kiraia ya miaka hiyo ndiyo yaliyochangia kuwasukuma Wazungu wengi wa Kusini, waliokuwa ngome ya chama cha Democratic tangu karne ya 19, wajiunge na Republican. Wazungu hao hawakuhama makwao. Kilichohama ni utiifu wao.

Mwaka wa 2002, John Judis na Ruy Teixeira walichapisha kitabu kilichobashiri kuwa Democratic ingejipatia wingi mpya kutokana na ongezeko la jamii zisizo za Kizungu, wanawake na wataalamu wa mijini. Barack Obama, mwana wa Mkenya, aliposhinda mwaka wa 2008 na kuitwaa Virginia, iliyokuwa haijampigia Mdemocratic tangu 1964, wengi waliona utabiri umetimia. Lakini mwaka wa 2016 Donald Trump alizitwaa Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000, akashinda urais ingawa Hillary Clinton alimpita kwa karibu kura milioni 2.9 kote nchini. Mwaka wa 2024, Kaunti ya Starr iliyo mpakani mwa Texas na Meksiko, ambako karibu wakazi wote ni Walatino, ilimpa Trump ushindi. Republican haikuwa imeshinda huko katika uchaguzi wa urais kwa zaidi ya karne moja.

Je, utabiri uliteleza wapi? Uliteleza katika jina. Neno "Walatino" humfumbata Mkuba wa Miami ambaye wazazi wake waliikimbia serikali ya Fidel Castro, mwenyeji wa Puerto Rico aliye raia tangu kuzaliwa, na mkazi wa Texas ambaye mababu zake walikuwepo kabla ya mpaka kuwapita katika karne ya 19. Mwanafunzi wa lugha anafahamu kuwa jina la jumla hurahisisha usemi, lakini haliwafanyi wanaoitwa kwalo kuwa na nia moja.

Athari za kosa hili si za kitaaluma tu. Chama kinachoamini kuwa idadi inakipendelea hubweteka; kinachoamini kuwa inakidhuru huingiwa na hofu, kikashika kalamu ya kuchorea mipaka. Mwaka wa 2013, Mahakama ya Juu ilidhoofisha Sheria ya 1965, na majimbo yenye historia ya ubaguzi yakaachiliwa kubadili kanuni za kura bila kibali cha awali. Mwaka wa 2025, Texas ilichora upya mipaka yake bila kungoja sensa ijayo, nayo California ikajibu kwa kuchora yake kupitia kura ya maoni. Badala ya wapigakura kuwachagua viongozi, viongozi wakawachagua wapigakura.

Yamkini atatokea wa kusema kuwa hatimaye tarakimu ndizo huamua. Ni kweli, lakini sensa humpa mwanasiasa shamba tu, haimpi mavuno. Mavuno hutaka jasho la kuwaendea watu, kuwasikiliza na kuwapa hoja zinazogusa riziki na heshima yao. Chama kitakachowafanya binadamu kuwa safu za takwimu kisishangae safu hizo zikihama usiku. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.