Leteni Sahani, Siyo Elfu Arobaini

Juzi usiku tangazo limerushwa kwenye grupu la darasa: sherehe ya kuagana mwaka wa tatu, mchango elfu 40 kwa kichwa, mwisho Ijumaa, asiyelipa asisumbue watu mlangoni. Chini yake orodha ya majina yenye alama za vema. Hadi naandika haya waliolipa ni 31 kati ya 84. Wale 53 wamekaa kimya. Bumu halijatoka, kila mtu anajua halijatoka, ila grupu zima linajifanya linasubiri wazembe.

Ile orodha naijua vizuri kwa sababu mwaka wa kwanza mimi ndiye niliyekuwa naitengeneza. Nilikuwa mweka hazina wa sherehe ya darasa, mchango ulikuwa elfu 25. Nilijiona mchapakazi kwelikweli: kila jioni naongeza majina, nawatumia ujumbe wasiolipa. Mwenzetu mmoja, ambaye tulikuwa tunakaa benchi moja semina zote, akanijibu, "Kaka, siku hiyo nina kazi mjini." Nikamfuta. Siku yenyewe nikatoka nje kupokea kreti za soda, nikamkuta amekaa kwenye ngazi za hosteli na daftari lake. Muziki wetu ulikuwa unasikika mpaka pale. Akanipungia mkono, nami nikampungia, kisha nikaingiza soda ndani. Hatujawahi kulizungumza.

Sasa nitawapeleka Texas kidogo, mnivumilie. Mwaka jana nilipata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, nikasoma muhula mmoja San Antonio. Ikafika Februari, Jumapili ya Super Bowl, fainali ya mpira wao wa Kimarekani, na mwenzangu wa maabara akatualika kwao. Mwaliko ulikuwa na sharti moja tu: kila mtu aje na kitu cha kula. Hakuna kadi, hakuna namba ya kutumia pesa. Posho yangu ilikuwa imechelewa na mfukoni nilikuwa na dola 20 za wiki nzima. Nilitaka kusingizia kwamba nina kazi mjini. Rum-meti wangu, mtu wa Guadalajara, alinicheka mpaka akakaa chini. Akasema, nenda na dipu.

Dipu yenyewe ni chakula cha kuchovya kwa chipsi za mahindi, kinapangwa tabaka juu ya tabaka kwenye bakuli pana la kioo ili rangi zionekane pembeni. Chini kabisa ni maharage. Unayachemsha mpaka yalegee, unayaponda, halafu unayakaanga na kitunguu na bizari nyembamba mpaka yawe mazito kama ugali mlaini. Yaache yapoe kabisa. Hapo usiwe na haraka, maana ukipanga vitu juu ya maharage ya moto kila kitu kinayeyuka. Juu yake linakuja parachichi lililopondwa na chumvi na ndimu ya kutosha. Ndimu ndiyo inayolizuia lisigeuke jeusi. Kisha krimu chachu, ambayo kwa ulimi wangu ni mtindi mzito ulioenda shule, iliyochanganywa na unga wa pilipili. Kisha jibini iliyokunwa, nyanya zilizokatwakatwa, majani ya kitunguu na zeituni nyeusi. Ukihesabu zikafika saba umepata ile wanayoiita ya tabaka saba, ingawa nimekula za tano na sikuona mtu akilalamika. Moto unahitajika kwenye maharage peke yake, na hata hayo wengi wao wananunua ya kopo. Mimi nilinunua makavu nikayaloweka usiku. Mzigo wote, pamoja na chipsi, ukaishia dola 14.

Rum-meti alinionya nisimwambie mtu kwamba ni chakula cha kwao, maana kwao Guadalajara hawakijui. Ni cha Texas, jimbo lililokuwa sehemu ya Meksiko hadi 1836. Watu wenye asili ya Meksiko waliobaki upande ule waliendelea kupika kwa vilivyokuwepo, ndiyo maana utakuta jibini ya njano na bizari nyembamba kila mahali. Upishi huo ndio unaoitwa Tex-Mex. Dipu hii watu wa Texas walikuwa wakiitengeneza majumbani kabla jarida la Family Circle halijachapisha namna ya kuiandaa mwaka 1981. Ni chakula cha watu wanaoalikana. Sikuona hata mmoja akiitengeneza ale peke yake chumbani.

Nilipofika, watu walikuwa kama 20 na mezani kulikuwa na dipu nyingine mbili! Na yangu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Sikuzitoa nyanya maji na mbegu, basi robo ya pili ya mechi haijaisha tayari juu kuna kidimbwi. Nilitaka kuificha. Mama wa mwenyeji wetu akaliinamisha bakuli kwenye sinki, akamwaga yale maji, akasema hutokea, akalirudisha mezani. Ikaliwa nusu.

Lakini kilichonikaa kichwani si dipu. Jamaa mmoja alikuja na mfuko wa barafu. Barafu tu! Mwingine alileta sahani za karatasi. Mmoja alikuja mikono mitupu, na mechi ilipoisha akaosha vyombo. Usiku ule sikusikia mtu akitaja bei ya kitu chochote, na nilitega sikio kwelikweli, kwa sababu mweka hazina hastaafu.

Najua kuna komredi atasema nimerudi na Umarekani. Haya. Kwa bibi yangu Lushoto, kukiwa na shughuli, wanawake wanateremka na vikapu: huyu maharage, huyu unga, huyu mzigo wa kuni kichwani. Asiye na kitu anakuja alfajiri kumenya viazi. Hayo niliyaona kabla sijajua San Antonio iko wapi. Sisi wasomi ndio tuliobadilisha kikapu kuwa namba ya simu, na namba ya simu haipokei kuni.

Hoja nzito ni ya jiko na usafi. Hosteli haturuhusiwi kupika, na mtu mmoja akiumwa tumbo kamati itasulubiwa. Ndiyo maana nimewachosha na habari za dipu. Maharage tunanunua yaliyoiva kwa mama ntilie, kuponda hakuhitaji umeme. Parachichi, ndimu, nyanya na mtindi wa pakiti havihitaji moto. Jibini ni ghali, tunaiacha. Chipsi za mahindi za supamaketi nazo ni ghali, ila kripsi za muhogo za barabarani zinachota vizuri na hazivunjiki ovyo. Mtindi ufunguliwe saa ileile, watu wale ndani ya saa mbili, kitakachobaki kimwagwe. Watu sita wakiungana kwa bakuli moja, sioni kila mmoja akitoa zaidi ya elfu 3. Na tafadhalini, nyanya zitolewe maji.

Ukumbi na muziki vinataka hela, sikatai. Kamati itutajie gharama za hivyo viwili tu, anayeweza achangie anachoweza, na ile orodha ya vema iondolewe kwenye grupu leo hii. Hela isipofika, kuna uwanja nyuma ya maktaba na wenye spika tunawajua. Picha hazitakuwa kali, na wapo watakaokasirika kuvaa suti kwenye nyasi. Wapo pia watakaokuja mikono mitupu wale kuliko sisi wote. Nilipokuwa mweka hazina hao ndio waliokuwa wananinyima usingizi. Siku hizi namuwaza zaidi yule wa kwenye ngazi.

Elfu 40 yangu ninayo, sijaituma, na jina langu limo kwenye wale 53. Jana nimempigia yule mwenzetu. Nikamweleza habari ya bakuli, nikamuuliza kama ataungana nami. Akanyamaza kidogo, akauliza ni watu wangapi. Nikamwambia tukifika sita tunaanza.

"Basi kaka," akasema, "mimi weka ndimu."